Kulehemu Twakujua, Kulehemua Je?

Mafundi wa redio na televisheni katika miji yetu ya pwani ni wengi, alhamdulillahi, na sitaki msomaji adhani kwamba nimeamka leo nikiwa na chuki nao. Ni watu wanaokula jasho lao, na aghalabu malipo wayapatayo hayafiki nusu ya taabu waliyoiona. Lakini iko sehemu moja ya kazi yao iliyodharauliwa muda mrefu hata imekuwa ni hasara kwa fundi na kwa mwenye chombo pia. Sehemu hiyo ni kuondoa. Kuunga wanaunga, na wengine wanaunga vizuri hata ukaona raha kutazama. Ninalolisema mimi ni kule kukitoa kipande kilichokufa juu ya ubao wa redio bila ya kuufisha ubao wenyewe.

Hilo limenifika. Redio-kaseti ya marehemu mama, aliyoletewa na ndugu yangu kutoka Maskati mwaka 1991, ilinyamaza miaka miwili iliyopita, nikaipeleka kwa fundi mmoja ambaye jina lake nalihifadhi. Maradhi yalikuwa madogo. Kapasita mbili za upande wa umeme zilikuwa zimevimba vichwa kama mahamri, na kuzibadili ni kazi ya nusu saa. Fundi akashika chuma chake cha moto, akakikandamiza kwenye mguu wa kapasita, na mkono wa pili akaivuta kwa koleo kwa nguvu ya mtu ang'oaye gego. Ikatoka. Pamoja nayo ukatoka mduara wa shaba uliokuwa umeushika mguu ule, na kipande cha njia ya shaba chenye urefu wa ukucha. Akaugeuza ubao, akautazama, kisha akaniambia, "Sheikh, ubao huu umeoza." Haukuwa umeoza. Uliuawa mbele ya macho yangu.

Redio ikakaa juu ya kabati mpaka nilipopata safari ya Sosiot, nami nikaitia mfukoni bila ya matumaini makubwa, kwa vile mpwa wangu anayesomesha huko alikuwa ameniandikia kwamba yuko kijana wa kuaminika.

Kwa wasiopajua, Sosiot ni soko dogo katika Kaunti ya Kericho, upande wa Belgut, nchi ya Wakipsigis. Chai imetandazwa vilimani kama busati jipya, na baridi yake inamtosha mtu wa pwani kulala na kikoi juu ya sweta. Huko asubuhi huwa jua, adhuhuri mawingu hukusanyika, na alasiri hupasuka. Wataalamu wa hali ya hewa huitaja Kericho miongoni mwa mahali panaponyesha mvua ya mawe mara nyingi kuliko karibu popote duniani, na mkulima wa chai akiisikia juu ya bati hushika kichwa. Pamoja na mvua hiyo huja radi. Nyaya za umeme zimevuka mabonde na vilima kufuata nyumba zilizotawanyika, radi ikipiga mbali huko, mshindo wake husafiri ndani ya waya hata ukaingia katika televisheni ya mtu aliyekaa akinywa maziwa. Kesho yake asubuhi fundi ana foleni mlangoni.

MEZA YA FUNDI

Nilimkuta katika kibanda cha mabati kilichoegemea duka la mbolea. Hajafika miaka thelathini. Mbele yake palikuwa na king'amuzi kilichopigwa na radi, na kwenye benchi mama mmoja wa Kikipsigis amekaa na redio yake ndogo mapajani, kijana akimwita *kogo*, yaani bibi. Niliufungua mfuko wangu. Akaitazama redio ya mama kwa muda, akauinamisha ubao kwenye mwanga wa dirisha, kisha akauliza, "Mzee, ni nani alivuta hii?"

Nikamwambia, "Ni fundi wa kwetu."

"Hakungoja," akasema, akairudisha mezani. Neno moja tu, na hukumu yote imo.

Akanitaka nisubiri amalize king'amuzi, nami nikakaa karibu na kogo nikitazama. Saa ile moja imenifunza zaidi ya yote niliyopata kuyasikia juu ya kazi hii, na naomba msomaji anistahimilie nikiyaeleza kwa urefu.

Ajabu ya kwanza ni kwamba kabla ya kuondoa aliongeza. Ile lehemu kuukuu iliyokuwa juu ya ubao ilikuwa imefifia na kukauka, na chuma cha moto kikiigusa haipokei joto upesi, kwa sababu uso wake umeshikwa na kutu ya hewa. Alipotia tone la lehemu mpya, yenye dawa yake ndani, mbichi ikaiamsha kavu, zikawa kitu kimoja kinachong'aa. Tena iko sababu nyingine. Lehemu ya zamani waliyoizoea mafundi ni bati na risasi, sehemu 63 za bati kwa 37 za risasi, nayo huyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi. Tangu Julai 2006 sheria ya nchi za Ulaya ilipiga marufuku risasi katika vyombo vingi vya umeme, na viwanda vya sehemu nyingine za dunia vikafuata, kwa hivyo mbao nyingi mpya zimelehemiwa kwa bati lenye fedha na shaba kidogo, ambalo haliyeyuki mpaka lifike nyuzi 217 au zaidi. Fundi asiyelijua hilo hukandamiza na kukandamiza, lehemu haitaki, naye hudhani dawa yake ni nguvu. Ukiichanganya na ile ya risasi, hulainika mapema.

Pili ni mahali pa kuweka chuma. Hakukiweka juu ya mguu peke yake, wala juu ya shaba peke yake, bali ncha iligusa vyote viwili. Akahesabu kimoyomoyo mbili, tatu. Lehemu yote ilipong'aa kuuzunguka mguu, akasogeza bomba.

Bomba hilo ni mfano wa bomba la sindano la daktari, ila ndani lina springi. Ukilishindilia hujifunga, ukibonyeza kitufe springi huachia, na bomba huvuta pumzi moja kali inayoondoka na ile lehemu ya maji. Mafundi wa huko huliita "saka", neno walilolitoa katika Kiingereza, na mimi nikacheka peke yangu kwa kukumbuka kwamba kwetu kusaka ni kuwinda. Wala halikukosea sana jina hilo, kwani lehemu iliyoyeyuka ni windo lisilosubiri, nukta moja tu imeshaganda tena.

Palipobaki mabaki hakurudia papo hapo. Akauacha ubao upoe, akatia tone jipya, akaanza upya. Shaba ya ubao imebandikwa kwa gundi, na gundi haipendi moto mrefu. Mahali ambapo njia ya shaba ni pana, yaani kule inakorudi ardhi ya umeme, joto hukimbilia huko kama maji kwenye mchanga, na hapo fundi mwenye pupa ndipo anapoharibu.

Kisha, kabla ya kuvuta, aliutikisa kila mguu kwa kibano chembamba. Mguu ukicheza tunduni, uko huru. Usipocheza, haukuvutwa. Mbao nyingi za siku hizi zina shaba juu na chini, na kila tundu limevikwa shaba ndani kama mrija, na mrija huo ndio unaozifungamanisha pande mbili. Ukiuvuta mguu uliogandamana nao unatoka na mrija, na hapo kipande kipya ukikipachika kitakaa vizuri machoni wala hakitafanya kazi.

Kwa miguu midogo iliyosongamana alitumia utepe wa nyuzi nyembamba za shaba zilizosukwa. Nilipouona nilisema huu ni ukili! Kila aliyekulia pwani amewaona mama zetu wakisuka ukili wa mikeka, na utepe huu ni ukili mtupu, ila mti wake ni shaba. Huwekwa juu ya lehemu, chuma cha moto kikawekwa juu yake, na lehemu ikapanda katika nyuzi kama mafuta katika utambi. Vyote viwili huinuliwa pamoja kabla havijaganda. Mwenye kuusugua huku na huko, au kuuacha ugande kisha akauchopoa, ataondoka na shaba ya ubao. Ncha iliyokwisha kushiba lehemu aliikata akaitupa, kwa maana haifyonzi tena na inakula joto bure. Nimewaona kwetu mafundi wanaoubania ukili huo kama dhahabu, wakautumia uliojaa mpaka ubao ukawa mweusi. Uchumi gani huo wa kuokoa upande wa kidole ukapoteza redio ya mtu?

MATUNZO YA CHOMBO

Vifaa hivi havina thamani kubwa dukani, lakini vina madai yake, na hapa ndipo nilipomheshimu yule kijana zaidi. Bomba lake lilikuwa la miaka, rangi imetoka, hata hivyo linavuta kama jipya. Kila baada ya mivuto kadhaa alilishindilia ili chembe za lehemu zitoke mdomoni. Jioni alilifungua lote. Chembe za ndani alizifagilia kwa brashi juu ya gazeti, akalikunja akalitupa, wala hakupuliza kwa mdomo, kwa sababu vumbi lile lina risasi na risasi ni sumu inayokaa mwilini. Mpira wa duara ulio kwenye mtutu wa ndani alioupaka grisi ya silikoni kidogo sana, kiasi cha kung'aa tu. Kisha akaliziba bomba mdomo kwa kidole, akalifyatua, na mtutu ukakwama njiani badala ya kuruka. Hiyo ndiyo dalili kwamba halivuji. Mdomo wake, ulio wa plastiki inayovumilia moto, ulikuwa umeliwa upande, akaukata kwa wembe ukawa sawa, akauvika kipande cha mpira laini wa silikoni ili ukae vizuri juu ya mguu bila ya kuingiza hewa.

Chuma cha moto nacho hakukizima kikiwa kitupu. Alikisafisha katika nyuzi za shaba ya manjano, akakivisha lehemu mpya, ndipo akazima, ili kitu cha kuliwa na hewa iwe lehemu na si ncha. Tupa hakuigusa. Wazee wetu walipiga tupa ncha zao, nao walikuwa na haki, kwani zilikuwa shaba tupu. Ncha za siku hizi ni shaba iliyovikwa ngozi nyembamba ya chuma, na ukiipiga tupa umeivua nguo, baada ya siku chache lehemu inaitoboa.

Jambo jingine aliloniambia ni la umeme. Mchana, watu wakiwa wengi kwenye laini, nguvu hushuka, na chuma chake kisicho na kipimo cha joto huwa baridi bila ya yeye kujua. Fundi hukaa juu ya kiungo muda mrefu, akidhani lehemu ni ngumu, kumbe chuma ni dhaifu. Kwa hivyo kazi ya kuondoa yeye huiweka asubuhi. Nani kwetu anaifikiria saa ya kazi namna hiyo?

Ukili wake wa shaba alikuwa ameuhifadhi katika kopo lenye kifuniko. Sosiot kuna unyevu wa mvua. Sisi tuna unyevu na chumvi ya bahari juu yake, na shaba ikiachwa wazi Mombasa au Lamu haichukui muda kushika ukijani, na ikishashika haifyonzi mpaka uipake dawa ya lehemu. Tunaohitaji makopo zaidi ni sisi.

La mwisho katika haya, alinawa. Sabuni, maji, mpaka kwenye vifundo, ndipo akashika kikombe cha chai. Ule moshi unaopanda wakati wa kulehemu si wa risasi, ni wa dawa, nao unachoma kifua, kwa hivyo dirisha liwe wazi. Risasi yenyewe huingia kwa mkono na kinywa. Sisi ambao kutawadha ni ada yetu mara tano kwa siku tusingepaswa kuambiwa haya, lakini nimewaona kwa macho mafundi wetu wakimega mkate mezani pale pale juu ya vumbi.

NENO LENYEWE

Nilipokuwa mtoto chuoni, kabla ya kuandikiwa somo jipya ulilazimika kuliosha la jana. Ubao ulikuwa wa mti na wino wa masizi, na mwalimu alikagua uoshaji kwa ukali ule ule aliokagua nao usomaji. Aliyekwangua kwa kigae ili amalize upesi aliiacha mikwaruzo, na siku ya pili wino uliingia ndani yake ukasambaa, herufi zikawa hazijulikani. Akapigwa, na ilikuwa haki yake. Mafundi wa jahazi nao ni hivyo. Anayetia kalafati upya huanza kwa kuikokoa pamba kuukuu kutoka katika mwanya wa mbao, polepole, asiujeruhi mti, na mnunuzi wa jahazi mwenye akili huuliza nani aliyekokoa kabla ya kuuliza nani aliyetia. Ujuzi wa kuondoa kwetu ulikuwa na heshima yake. Kwa nini basi umepotea ulipofika kwenye meza ya redio?

Nadhani sababu mojawapo ni kwamba hatuna neno. "Lehemu" tunalo, limetokea Arabuni, limekaa kwetu mpaka limekuwa mwenyeji. Lakini kinyume chake sijapata kukisikia mdomoni mwa fundi. Husema "kutoa" au "kuchomoa", na neno kuchomoa ndilo linalomfundisha kuvuta. Lugha yetu imejaa vinyume: tunafunga na kufungua, tunaziba na kuzibua, tunakunja na kukunjua, tunaezeka na kuezua. Kwa nini tusiseme kulehemua? Bwana mmoja mjuzi wa sarufi, nilipomweleza, alinikatalia katakata, akasema mnyambuliko huo ni wa maneno ya Kibantu na kitenzi cha Kiarabu hakiukubali. Huenda kanuni iko upande wake. Lakini ndimi za watu zimeyafanya mengi kuliko hilo, na mimi sioni zuri zaidi. Tukisema kuunga, kinyume chake kwa kanuni hiyo hiyo kingekuwa "kuungua", na hapo sina la kuongeza, maana kuungua ndiko hasa kulikoifika redio ya mama.

Najua nitakavyojibiwa. Wako watakaosema, kwa nini uhangaike, king'amuzi kipya kinauzwa bei nafuu, na fundi naye anataka pesa. Kwa king'amuzi huenda wakawa na hoja. Lakini kogo aliyekaa nami kwenye benchi hakuwa na hesabu hiyo. Redio yake ndiyo inayompa habari kwa lugha yake, ya pili hana fedha za kuinunua, na tofauti baina ya kuipata na kuikosa ilikuwa ni kijana mmoja anayejua kungoja nukta tatu. Na vyombo tunavyovitupa havipotei. Vinalala katika majaa yetu, risasi yake na yote, mvua ikinyesha inateremka nayo.

Kwa hivyo nasema wazi. Vyuo vyetu vya ufundi, kuanzia Kwale mpaka Lamu, vinamtahini kijana kwa kuunga. Vimpe ubao uliokufa, atoe kapasita kumi, na alama zitolewe kwa kuutazama ubao na si kapasita. Wenye maduka wanaoleta mizigo kutoka Dubai wanatuletea chuma cha moto cha kila rangi. Walete na ukili wa shaba, na midomo ya mabomba, na mipira yake ya duara, kwani fundi anayekosa mpira mdogo analitupa bomba zima kisha anarudi kwenye koleo, au kwenye ule mchezo mbaya wa kuyeyusha na kuugonga ubao mezani ili lehemu iruke, ikaruka na kuingia jichoni. Na sisi wenye vyombo tuache kusimama juu ya kichwa cha mtu tukimwambia, "Haraka, bwana, nina safari." Pupa ile ya fundi wangu nusu yake ilikuwa yangu. Nilikuwa nimemwambia nitapita baada ya alasiri.

Redio ya kogo ilipona kwanza, kwa kubadilishwa swichi iliyolegea, akafungua Chamgei FM kibandani humo humo na kutusahau sote. Kisha ikaja zamu yangu. Kijana aliukwangua mwisho wa ile njia ya shaba iliyokatika mpaka ukang'aa, akauvisha lehemu, akalaza waya mwembamba kama unywele kutoka hapo mpaka kwenye mguu wa kapasita mpya, akautia gundi usicheze. Redio ikasema. Upande wa kaseti bado, kwa sababu mkanda wake wa mpira umeyeyuka kwa uzee, na hilo hakulificha wala hakulidai. Alitaka shilingi 400. Nilimwomba na kipande cha ukili wake, akanikatia kama shibiri moja.

Niliporudi Mombasa nilikwenda moja kwa moja kwa fundi wangu wa zamani, redio mkononi inaimba. Akaitazama, akanitazama, nikamwekea ule ukili juu ya meza. Akaugeuza geuza, akaunusa.

"Huu wa kufanyia nini, Sheikh?"

Nikavuta kiti nikakaa.